Muulize Shangazi: Baba Anadhani Nina Chumba

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nipo mwaka wa kwanza hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimetokea kijiji kimoja nje ya Sumbawanga. Wakati wa kuomba malazi simu yangu iliharibika, na mtandao kwetu mpaka upande kilima. Nilipokuja kuomba nafasi zilikuwa zimejaa. Dada mmoja tuliyesoma naye sekondari akakubali kunibeba. Tangu Novemba tunalala wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja. Joto la hapa sijawahi kuliona, kwetu miezi hii usiku tunajifunika blanketi. Mwenzangu hasemi kitu, ila siku hizi akirudi akanikuta chumbani, anageuka na kwenda kukaa nje na simu yake.

Boom la kwanza, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, lilipoingia nilimtumia baba 160,000 za mbolea ya kupandia. Alifurahi mno, akaniuliza chumba changu kikoje. Nikamwambia kizuri, kina dirisha kubwa. Sasa dalali wa Msewe, mtaa wa jirani na chuo, ana chumba cha 70,000 kwa mwezi, anataka kodi ya miezi sita pamoja na yake ya mwezi mmoja. Sina. Nikimwambia baba ukweli atauza ng'ombe wa plau. Nifanyeje?
Mbebwaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye hilo dirisha kubwa niliiweka barua yako chini kwanza.

Mwaka 1996 na mimi nilibebwa hapo hapo Mlimani. Baba yangu alikuwa Masasi, simu hatuna, tunaandikiana barua. Nilimwandikia namba ya chumba kana kwamba ni changu, kumbe ni cha rafiki niliyelala kwake wiki tatu tu, kisha nikahamia kwa mwingine. Mvua za masika zikiwa zimeanza, baba akapanda basi bila kunitaarifu. Rufiji wakati huo ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Walilala ng'ambo ya mto wakisubiri zamu. Akafika na kiroba cha korosho alizobangua mama kwa mkono, akaenda kugonga mlango wa namba ile niliyompa. Akafungua msichana asiyenijua kabisa.

Mimi nilikuwa kwenye kimbweta, zile meza za nje za kusomea, nasoma. Jioni ndipo nilipomkuta, amekaa chini ya mti kando ya njia, viatu amevua, kiroba mapajani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Unalala wapi, mwanangu?" Nikakosa la kumjibu. Baba amekwisha kufariki, na swali lile bado nalisikia kwa sauti yake.

Kwa hiyo mwambie. Mwambie wiki hii, tena kwa kumpigia, si kwa ujumbe wa maandishi, asikie sauti yako kwamba huumwi na hulii. Unaogopa atauza ng'ombe. Mzazi hukimbilia kuuza kitu pale anaposikia shida tupu, hajui kiasi gani kinatakiwa wala lini. Ukimpelekea shida na hesabu yake, atatulia. Na ng'ombe wa plau msimu huu ndio wako shambani. Baba yako anajua kuliko mimi na wewe kwamba jembe haliuzwi watu wakiwa wanalima.

Hesabu yenyewe ni hii. Kodi ya miezi sita ni 420,000, na ya dalali 70,000, jumla 490,000. Peke yako huiwezi. Mkiwa wawili ni 245,000 kila mmoja. Ukigawa kwa siku 180, ni kama 1,400 kwa siku. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kama mkopo wako unakupa kiwango hicho kamili, unabaki na 8,600 za kula na nauli. Ni za kubana, ila zinatosha mtu anayepika maharage yake Jumapili na kuyagawa. Tatizo ni kwamba boom linaingia kwa mkupuo na mwenye nyumba naye anadai kwa mkupuo, halafu katikati yao umo wewe na mbolea ya baba. Likiingia lijalo, kodi iwe ya kwanza kutoka, kabla hujanunua hata kandambili.

Mbolea uliyotuma usiijutie. Lakini baba akijua ilitoka kwenye malazi yako, mwakani atapanga mwenyewe, na huenda baada ya mavuno akakurudishia kwa gunia la mahindi. Hilo ni lake kuamua. Ukimficha, unamnyima nafasi ya kuwa baba.

Mwenzako wa chumba pia anahitaji maneno yako. Mtu anayekaa nje ya chumba chake mwenyewe amechoka, na anaona haya kukuambia. Mwambie wewe kwanza, na umpe tarehe: "Dada, boom likiingia nahama." Si lazima iwe kesho, ila iwepo. Tena muulize kama yupo anayemjua anayetafuta wa kuchangia naye chumba. Waliotangulia ndio wanaojua nani hapiki usiku wa manane na nani hulipa LUKU bila kukumbushwa. Hilo la LUKU usilidharau. Nimeona marafiki wa damu wakinuniana muhula mzima kwa sababu ya pasi moja.

Chumba cha Msewe usikilipie kwa maneno ya dalali. Nenda ukakione mvua ikiwa imetoka kunyesha, uangalie sakafu na njia ya kuingilia. Uliza maji yanatoka siku gani. Nenda tena saa mbili usiku, utembee kutoka chuo mpaka mlangoni, uone taa zinaishia wapi. Mtaa wa Changanyikeni nako uangalie. Mkataba muandikishiane kwa maandishi, na fedha mkabidhi mwenye nyumba mwenyewe, akiwepo mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa.

Na malazi ya chuo usiyakatie tamaa. Mabweni yale ya mwaka 2017 peke yake ni majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840, bado hosteli za Mabibo na zile za ndani ya chuo. Watu huhama, wengine huahirisha mwaka. Ofisini wajue jina lako na shida yako. Maombi ya mwaka wa pili yakifunguliwa, azima simu, ingia siku ile ile.

Ukishazungumza na baba niandikie tena. Nataka kujua alisemaje.

SWALI: Shangazi, mimi natoka Kigoma, ziwani nimezaliwa na kuogelea nimejifunza kabla ya kusoma. Wenzangu wa chuo Jumamosi wanakwenda ufuko wa Koko (Coco Beach), wananiambia bahari si ziwa, nisiingie. Wananitania au ni kweli?
Mvuvi wa mwaka wa pili

JIBU: Ni kweli, mwanangu. Ziwa Tanganyika halipwi wala halijai kila siku kama bahari. Bahari ya hapa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa kumi ya Jumamosi iliyopita si saa kumi ya Jumamosi hii. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndipo maji huwa ya bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Maji yakianza kutoka yanakuvuta nayo, na Koko chini kuna miamba inayokata miguu.

Ukifika muulize mvuvi au muuza mihogo: maji yanaingia au yanatoka? Yakiwa yanatoka, kaa mchangani. Yakiwa yanaingia, ogelea sambamba na ufuko, mwenzako akikuona. Mihogo na chachandu vije ukishatoka majini.