Jibu: Taa ya LOS nyekundu baada ya kuhamisha kisanduku cha faiba

Ndugu yangu, umesema taa ya LOS ilianza kumeta nyekundu ulipokihamishia kisanduku ghorofani, hapo Langoni. Acha kuzima na kuwasha; LOS maana yake mwanga unaobeba intaneti haufiki kwenye kisanduku. Mimi nashuku kona ya waya. Kuta zetu Lamu ni nene, na mafundi wengine huukunja waya dirishani kama kamba ya jahazi! Faiba ni kioo, ikunje kwa mviringo mpana, upana wa kikombe cha chai hivi. Tazama na vichwa vya waya: cha kijani kimechongwa mshazari wa digrii 8, usikichomeke tundu la bluu hata kikiingia. Usichungulie ndani ya kichwa wala tundu, leza haionekani lakini huweza kuumiza jicho. Fundi akija na mita, kwa GPON (mfumo wa faiba ya majumbani) asome kati ya -8 na -27 dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga.