Namba za heksadesimali zina kazi gani kwa fundi wa mtandao?

Swali: Kaka, shikamoo. Nasoma diploma ya TEHAMA hapa Dodoma, na wikiendi namsaidia fundi anayefunga mitandao mitaa ya Majengo na Makole. Darasani tunakazaniwa kugeuza heksadesimali kuwa desimali na kurudi, lakini kazini sijamwona bosi akizigusa. Zina faida kweli, au ni za mtihani tu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Bosi wako anazigusa kila siku; mwangalie vizuri anaposajili kamera au simu ya mteja kwenye ruta. Ila hazigeuzi, anazisoma zilivyo. Lile zoezi la kugeuza lina nafasi yake darasani, mtaani halina mteja.

Vifaa vya mtandao vinaelewa biti tu, sifuri na moja. Tarakimu moja ya heksadesimali, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F, inabeba biti nne kamili. Ukiona E unajua ni 1110 bila kushika kalamu. Ukiandikiwa 158, biti zake huzioni mpaka upige hesabu. Namba hiyohiyo ikiandikwa 9E, ziko peupe: 1001 na 1110.

Nikupe kisa cha kazini. Hosteli moja ya wanafunzi upande wa Ng'ong'ona inauza Wi-Fi kwa mwezi. Ukilipa, anwani ya MAC ya kifaa chako, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao, inaingizwa kwenye orodha ya ruta; usipolipa, hupiti. Siku moja mwenye hosteli akabadilisha jina la Wi-Fi, na jioni ile waliolipa wakajikuta nje. Kompyuta mpakato zilipita, simu ndizo zilizogoma. Aliponipigia alishaanza kuulizia bei ya ruta mpya.

Nilifungua orodha nikaangalia tarakimu ya pili tu ya kila anwani. Mpakato moja ilianza na 3C. Simu zilianza na 9E, 5A, D2, 26. Jibu likawa limeshapatikana.

Anwani ya MAC ina biti 48, yaani tarakimu 12. Nusu ya kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, naye hupewa na IEEE, shirika linalosimamia viwango vya mitandao. Lakini ndani ya baiti ya kwanza, yaani biti nane au tarakimu mbili za mwanzo, biti ya pili kutoka kulia ina kazi yake: ikiwa 0, anwani ni ya kiwandani, ikiwa 1, imetungwa hukohuko kwenye kifaa. Biti hiyo imekaa ndani ya tarakimu ya pili. Kwa hiyo ukikuta hapo 2, 6, A au E, anwani ni ya kutunga. Simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 kwa kawaida hutunga anwani yake kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe. Jina la Wi-Fi likibadilika, simu inakuja na anwani nyingine, na ruta haiijui. Tulirudisha jina la zamani, simu zikapita. Nikamshauri ahamie kwenye vocha, maana orodha ya MAC siku hizi ni kujitafutia kesi na wapangaji.

Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti, ndiko huna pa kukwepea. Anwani ina biti 128, tarakimu 32, katika makundi ya nne nne. Ukipewa fungu la /48, yaani biti 48 za mwanzo zimeshapangwa, kundi la nne lote ni lako kupanga. Chukua taasisi yenye majengo kadhaa pale Mtumba: tarakimu ya kwanza ipe jengo, ya pili ghorofa, mbili za mwisho aina ya vifaa. Ukiona 2001:db8:40:3210::/64, umeshajua ni jengo la 3, ghorofa ya 2, bila kufungua faili lolote. Ndiyo maana tunapenda kukata kwenye /52, /56 au /60: kila hatua ni biti nne, tarakimu moja. Ukikata /54 mtandao utafanya kazi, ila atakayerithi kazi yako atakulaani. Na mashine ikionyesha anwani inayoanza na fe80 peke yake, ujue haijapata anwani ya kuitoa nje. Hiyo haivuki ruta.

Mfano mwingine wa haraka: ruta nyingi za Cisco zilizosahauliwa nywila hufunguliwa kwa kubadilisha namba inayoiambia ruta iwakeje, kutoka 0x2102 (0x ni alama ya heksadesimali) kuwa 0x2142, ziwake bila kusoma usanidi uliohifadhiwa. Tarakimu moja imebadilika, ndani yake biti moja imewashwa. Kwa desimali ungeona 8450 imekuwa 8514, na usingeelewa kilichotokea.

Kwa hiyo kariri tarakimu 16 na biti zake, hesabu kubwa iachie kalkuleta. Kisha fungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, piga ping (jaribio la kuona kama mashine nyingine inajibu) ya IPv4, na kwenye pakiti uliyoituma tafuta 45 baada ya 08 00. Hiyo 4 ni toleo la IP. 5 ni urefu wa kichwa cha pakiti kwa mafungu ya baiti nne, yaani baiti 20. Hesabu kuanzia hiyo 45 hadi baiti ya tisa, ndiyo TTL, ukomo wa ruta ambazo pakiti inaweza kupita: mashine ya Windows huanza na 80, yaani 128, ya Linux huanza na 40, yaani 64. Inayofuata itakuwa 01, maana yake ICMP, itifaki inayotumiwa na ping.