Usiifue sufu kabla ya kuishonea ndani ya kwilti

Ndugu yangu, umeuliza kama sufu ya kujazia kwilti (blanketi la vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja na kujaziwa katikati) inabidi ifuliwe kwanza, isije ikarudi ikishashonewa ndani. Usithubutu. Ada ya somo hili nimeshalipa.

Kipande changu cha kwanza nilikitia kwenye mashine na maji ya moto, kama nifuavyo pamba. Kilitoka kidogo, kigumu kama soli ya kandambili, kona zote mabonge. Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukikutana na joto, maji na msukosuko kwa pamoja, magamba yanang'ang'aniana na hayaachani tena. Nilikikatakata nikapata vishikio vya sufuria, na mpaka leo vinafanya kazi.

Sufu kabla ya kushonwa inataka kupumzika tu. Itoe kwenye mfuko, itandaze usiku kucha, mikunjo mingi itajinyoosha yenyewe. Ikibaki mkaidi, pitisha pasi ya mvuke kwa juu bila kuigusa, kisha lainisha kwa kiganja. Usiivute, maana ikikonda mahali imekonda. Ikate izidi kitambaa cha juu kwa sentimita 10 hivi kila upande, kwa kuwa wakati wa kushona hujivuta kuelekea katikati. Umbali wa mishono umeandikwa kwenye pakiti; ufuate, kwani mishono hiyo ndiyo itakayoishika sufu isihame wala kusuguana siku ya kufuliwa.

Kitu kinachowakera wengi ni sufu kuota ndevu, yaani nyuzi kuchomoza juu ya kitambaa. Mara nyingi kosa ni la kitambaa. Kielekeze kwenye taa: ukiona vitundu, kimefumwa kwa kulegea, kiache. Unyoya ukishachomoza usiuvute, utamwita mwenzake. Urudishe ndani kwa ncha ya sindano, au ukate. Na kama kitambaa ni cheusi, tafuta sufu ya rangi ya giza, nyeupe itakuumbua.

Kufua kwilti iliyokwisha kushonwa: maji ya vuguvugu, nyuzi 30 hivi, na ya kusuuza yawe na joto lilelile. Sabuni iwe laini, isiyo na vimeng'enya vya kuondoa madoa ya protini, kwa sababu sufu yenyewe ni protini. Klorini isiguse kabisa. Mimi naloweka kwenye beseni kubwa, nabonyeza taratibu, sisugui wala sikamui. Kuinyanyua ndiyo kazi, maana ikilowa inalemea kama mtoto aliyelala. Ingiza mikono yote miwili chini yake, uikunje ndani ya taulo, ukandamize, halafu uianike ikiwa imelala. Ukiitundika kwenye kamba, uzito wa maji utakata mishono.

Wamebaki nondo, wale wadudu wa sufu. Viluwiluwi vyao, yaani watoto wao, ndivyo vinavyokula sufu, na vinapenda zaidi penye jasho na giza, kwa hiyo usihifadhi kwilti chafu. Ifungue mara kwa mara, ikung'ute. Ukishuku wameingia, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ipoteze ubaridi wote, la sivyo umande utatua juu ya kitambaa.