Jibu: Kipimo cha waya kichwani kinaaminika?

Dada, umeuliza kama kipimo alichofanyiwa mwanao akiwa amelala kinaaminika, na kama kinaonyesha pia kumbukumbu ya sauti. Hivyo ni vipimo viwili. Cha usikivu kiamini: wimbi la tano la umeme ambao nyaya hunasa kutoka shina la ubongo (sehemu ya chini ya ubongo, sauti inakopitia) hutokea milisekunde 6 hivi (sehemu 6 za elfu za sekunde) baada ya mlio mkali (kwa kichanga huchelewa kidogo), na ukirudia linajitokeza palepale. Usingizi hauliharibu, kujigaragaza ndiko kunakoharibu.

Kumbukumbu ya sauti hupimwa kwa mwitikio wa ubongo alioueleza mtafiti Mfini Risto Näätänen na wenzake mwaka 1978, pale mlio tofauti unapochomoza katikati ya milio inayofanana. Unafaa kulinganisha makundi. Kwa mtoto mmoja huyumba mno. Ukipewa hukumu kwa grafu moja, omba warudie.