Wiki ya kwanza Hispania: anza na anwani

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Granada Septemba hii, wiki ya kwanza ni ya kutafuta anwani. Ile ngome ya Alhambra ipo tangu enzi za wafalme Waislamu, haitahama. Kitakachowatoa jasho ni karatasi, na karatasi zote za huku zinaanzia kwenye nyumba unayolala.

Ukiwa na visa ya masomo ya zaidi ya miezi sita, unatakiwa uombe kadi ya utambulisho wa mgeni, wenyewe wanaiita TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu uingie nchini. Polisi wanaoshughulikia kadi hiyo kwa kawaida watakudai cheti cha empadronamiento, yaani uthibitisho kwamba manispaa imekuandikisha kuwa mkazi wa mtaa fulani. Manispaa nayo haikuandikishi mpaka ulete mkataba wa pango, au mtu mwenye haki na nyumba ile asaini kwamba anakukubali. Ukijibanza hosteli wiki tatu ukisubiri chumba cha ndoto zako, mwezi umekwisha na hujaanza.

Ndiyo maana unapokwenda kuona chumba, kabla hujauliza habari za intaneti, uliza: “¿Me puedo empadronar aquí?”, yaani naweza kujiandikisha manispaa kwa anwani hii? Wapo wenye nyumba wasiotaka jambo hilo, kila mmoja na sababu zake. Akianza kuzungukazunguka, aga uende. Na usitume pesa kwa nyumba ambayo hujaiona. Ulaghai wenyewe ni uleule kila mwaka: picha za kuvutia, kodi ya chini ajabu, mwenye nyumba eti yuko nje ya nchi kikazi, tuma dhamana naye atakuletea funguo kwa posta. Lipia malazi ya siku chache, kakague chumba kwa macho yako, fungua bomba la maji moto, uliza nyumba inapashwaje joto. Septemba jua ni kali na hakuna anayekumbuka hita, lakini mji huu umekaa chini ya milima ya Sierra Nevada. Januari utakuwa unavaa soksi mbilimbili sebuleni.

Ofisini huendi kienyeji. Kila kitu ni cita previa, miadi inayowekwa mtandaoni, na miadi ya polisi huisha upesi kuliko tiketi za mechi ya watani. Anza kuitafuta wiki hiyohiyo, hata kama cheti cha manispaa bado. Ukikuta hakuna nafasi, hifadhi picha ya ukurasa yenye tarehe, iwe ushahidi kwamba ulihangaika kwa wakati. Watajitokeza watu wa kukuuzia miadi. Achana nao, ni biashara haramu, na miadi yenyewe haina ada. Ada iliyopo ni ya kadi, inalipwa benki kwa fomu ya 790, nambari 012. Nenda asubuhi, maana benki nyingi hufunga saa nane mchana.

Zile picha za pasipoti za studio, zenye nyuma ya bluu, hazitakufaa kwa kadi. Wanataka ndogo zaidi, milimita 32 kwa 26, nyuma nyeupe. Kuna vibanda vya kujipigia mwenyewe, dakika chache unazo mkononi.

Halafu majina. Fomu ya Kihispania ina jina, kisha ukoo wa kwanza, kisha ukoo wa pili, kwa sababu Mhispania hubeba ukoo wa baba na wa mama. Sisi tunabeba la baba na la babu, na karani asiyetujua atayapanga anavyoona yeye. Matokeo yake manispaa wewe ni Salim, chuoni ni Juma, benki ni kitu kingine kabisa, na siku ya kuchukua kadi unaulizwa huyu ni nani. Fungua pasipoti ukurasa wa picha, mwonyeshe ile mistari miwili ya chini yenye alama za mishale, mwombe aandike kama ilivyo. Ukoo wa pili ukiwa haumo, nafasi ibaki wazi. Soma kabla hujasaini, hata kama foleni nyuma yako inaguna.

Upande wa pesa, wenzako wa nyumba watakwambia “hazme un bizum” siku bili ya umeme ikija. Bizum hutuma pesa kwa namba ya simu kama tulivyozoea, ila lazima uwe na akaunti ya benki ya huku. Wakala wa kona hayupo. Mpaka akaunti ifunguke, kaa na yuro za mkononi.

Kula kwao kutakuchanganya kuliko lugha. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa tisa unusu, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukiingia mgahawani saa kumi na mbili jioni ukitaka wali, mara nyingi jiko limefungwa. Mchana tafuta menú del día, sahani mbili pamoja na kinywaji au tunda kwa bei moja, ushibe mpaka usiku. Jumapili maduka mengi yamefungwa, hivyo mahitaji nunua Jumamosi. Muhogo utaupata kwa jina la yuca, ndizi za kupika ni plátano macho. Ugali ndio kazi: ule unga mweupe wa mahindi wa arepa, mikate ya Amerika Kusini, umeshapikwa kiwandani, haukubali kusongwa kama sembe. Nyama halali ipo, Wamoroko wana mabucha yao.

Darasani mambo ni mepesi. Mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza, alama ni hadi 10 na kufaulu ni 5. Kila somo lina guía docente inayosema mtihani una uzito gani na mahudhurio yanahesabiwa vipi; isome kabla ya kipindi cha kwanza. Wanaokwenda Barcelona au Valencia waangalie humo pia somo linafundishwa kwa lugha gani, kwani Kikatalani na Kivalensia hutumika madarasani, na kubadilisha kundi ni rahisi wiki ya kwanza kuliko ya tano.