Saba ni kigawo au kigawe?

SWALI: Naishi Kirumba, Mwanza. Mwanangu wa darasa la sita aliulizwa shuleni kama 7 ni kigawo au kigawe cha 360,360. Nilimwambia ni kigawe, akakataa katakata, anasema ni kigawo. Nani kati yetu yuko sahihi? Na hiyo namba inatamkwaje?

JIBU: Dada, mtoto yuko sahihi. Ila nakuelewa, maana maneno haya mawili huwachanganya hata watu wazima waliosoma, na tofauti yake yote iko kwenye irabu ya mwisho.

Sikiliza -e ya mwisho katika mtume na kiumbe. Mtume ametumwa, kiumbe kimeumbwa. Kigawe nacho ndicho kinachogawanywa. Irabu -o mara nyingi hutaja chombo cha kufanyia kazi: kifuniko cha kufunikia, ufagio wa kufagilia. Kigawo basi ni cha kugawia. Ukishuka hapo mwaloni, mtazame muuza dagaa akipima gunia kwa sado. Sado ndiyo inayogawa, gunia ndilo linalogawanywa. Gunia likiisha na sado ya mwisho ikawa imejaa sawasawa, bila kubaki hata punje ya dagaa nje, umepata kigawo na kigawe chake.

Kwa hiyo 7 ni kigawo cha 360,360, na 360,360 ni kigawe cha 7. Jambo ni lilelile, limetazamwa kutoka pande mbili. Jibu la kugawanya ni 51,480, hakuna baki.

Mwalimu aliyeichagua namba hiyo nampongeza. Ni 360 iliyoandikwa mara mbili, yaani 360 mara 1,001, na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13, namba tasa zote tatu. Mwambie mtoto aandike namba yoyote ya tarakimu tatu, airudie papo hapo, mfano 254,254, kisha aigawanye kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Haitabaki kitu. Zaidi ya hapo, 360,360 ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba zote kuanzia 1 hadi 15, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila mojawapo bila baki. Ukifika 16 inagoma, inabaki 8. Na ona jina la somo lenyewe: KDS ni kigawe, KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, ni kigawo. Wanafunzi wengi hukariri vifupisho hivyo bila kuisikia irabu.

Kuhusu kuitamka, usianze na "elfu mia tatu na sitini". Mmoja ataandika 360,000, mwingine 300,060, na wote wawili watakuwa wamekusikia vizuri. Tumia laki kama mnavyoitumia sokoni kila siku, ni Kiswahili safi: laki tatu na elfu sitini, mia tatu na sitini. Tua kidogo kabla ya "mia tatu", ndipo anayeandika asipotee.