Bibi kawekeshwa dole gumba kwenye karatasi, kumbe shamba limeuzwa. Tunaanzia wapi?

SWALI: Shikamoo wakili. Bibi yangu wa Kongwa ana miaka 74, ni mjane, babu alifariki 2016. Mwaka juzi mtoto wa shemeji yake alikuja na karatasi na pedi ya wino akamwambia ni ya mbolea ya ruzuku, bibi hajui kusoma akaweka dole gumba. Sasa kuna mtu kaja kupima anasema kauziwa ekari 4 za pale kijijini. Mwenyekiti anasema yeye hana habari. Hela ya wakili hatuna. Naweza kufungua kesi mimi kwa niaba yake?

JIBU: Marahaba, poleni sana, na mwambie bibi asijilaumu kabisa, aliyekosea ni aliyeleta karatasi. Nimeshaziona za hivi, juu imeandikwa hati ya mauziano, chini dole gumba moja la wino limevuja mpaka kwenye tarehe, mashahidi wawili na wote ni watu wa upande wa aliyeleta karatasi.

Kabla ya kesi nataka mjue kwanza hilo shamba ni la nani, maana hapa ndipo familia nyingi zinapoangukia. Kama bibi alilisafisha mwenyewe au alirithi kwao, anadai kwa jina lake. Ila kama lilikuwa la babu na mirathi haijafunguliwa tangu 2016, mwenye uwezo wa kulidai ni msimamizi wa mirathi tu, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali za marehemu, sio bibi kwa ujane wake na sio wewe mjukuu. Mkienda hivihivi upande wa pili watauliza barua ya usimamizi iko wapi, na shauri linatupwa kabla hata bibi hajafungua mdomo. Lakini hilohilo linawabana na wao, kwa sababu kama shamba ni la marehemu na msimamizi hayupo, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuliuza, hata bibi angeweka madole kumi.

Kwa hiyo nendeni Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, mkamwombee bibi mwenyewe awe msimamizi, au mtoto wake mnayemwamini. Sheria haisemi lazima awe mwanaume. Upande wa marehemu watawatisha kwamba mjane hana fungu, na ni kweli kanuni za urithi wa kimila za 1963 ni kali sana kwa wajane, mimi inaniuma mpaka leo kuona zinatumika. Ila mkumbuke Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ya kijiji ni batili, hicho kifungu mkitaje kwa namba kabisa.

Wakati mirathi inaendelea msikae kimya. Mwenyekiti kusema hana habari ni nafuu kwenu, kwa sababu ardhi ya kijiji haihami bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Andikeni barua ya pingamizi leo, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo, mwombe wasipitishe uhamisho wowote. Na kaeni na majirani wa mipaka, wale wazee waliomuona babu akilima mtama pale, waandikeni majina na wanachokijua sasa hivi wakiwa na afya, maana mashauri ya ardhi yanaweza kuchukua muda mrefu.

Baada ya hapo ndio baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata halihukumu, linasuluhisha tu, wakishindwa wanawapa cheti mnaenda nacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila usuluhishi mnaruhusiwa kwenda hata bila cheti, msikubali kuzungushwa njoo kesho. Polisi pia mnaweza kuripoti udanganyifu mkachukua RB (namba ya taarifa yenu pale kituoni), ila msitegemee polisi warudishe shamba.

Kuhusu hela, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama bibi. Nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wilayani uulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, wanaandika barua na fomu na kuwaelekeza, ila hawasimami mahakamani, mkifika huko ombeni wakili kupitia mashirika kama TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu), na timu za kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa hapa Dodoma 2023 zikipita kwenu wahini. Msaada ni bure, anayetaka hela ya fomu muulize kasajiliwa wapi. Kama kijiji kina baraza la wazee washirikisheni, wakija kikaoni na bibi hawezi kuonekana ni mzee wa peke yake.

Wewe kazi yako ni kumsindikiza na kumsomea kila karatasi neno kwa neno mbele ya shahidi. Kuanzia sasa asiweke dole popote kama haupo. Nitumie picha ya hiyo hati ya mauziano ukiipata, nataka kuona nani kaandikwa kama muuzaji.